Mzinga ni wa Mmoja, Msitu ni wa Wote: Historia Fupi ya Asali ya Sikonge



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hubeba makala moja ya historia ya nyumbani. Mwaka huu kamati imechagua asali, na sababu yake mnaijua. Katika mkutano mkuu uliopita tulibishana hadi giza likaingia. Upande mmoja ulitaka michango yetu inunue mizinga ya kisasa na kila kaya igawiwe. Upande wa pili ulitaka tujenge nyumba moja ya kukusanyia asali, yenye mizani, ndoo safi, mashine ya kukamulia na ghala. Kura zilielekea kwenye nyumba, lakini wengi waliondoka na dukuduku moyoni: kwa nini tujenge ghala wakati vijana hawana mizinga?

Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Nimelitafuta katika historia yetu wenyewe, maana watu wa Sikonge wamekula, wamekunywa, wamelipa kodi na wamesomesha watoto kwa asali kwa muda mrefu kuliko chama chetu, wilaya yetu na hata nchi yetu. Humo tunaweza kuona ni lini asali ilitusimamisha, ni lini ilituangusha, na ni kitu gani hasa kilichokatika siku ilipotuangusha.

Nchi ya ndorobo

Anayetoka Tabora mjini kuelekea kusini hupita mashamba kwa muda, kisha miombo inamfunika kushoto na kulia. Barabara ya lami inayopita Sikonge, Ipole na Inyonga hadi Mpanda imefupisha safari, ila tabia ya nchi ni ile ile. Sehemu kubwa ya udongo wetu ni ya kichanga na huchoka haraka. Zamani shamba lililimwa misimu michache, kisha likaachwa lipumzike. Mvua ni ya msimu mmoja, na baada yake kiangazi huwa kirefu na kikali.

Ndani ya msitu huo wako mbung'o, ambao nyumbani tumezoea kuwaita ndorobo. Ndorobo huwapa ng'ombe nagana na watu malale. Ndiyo maana babu zetu, Wanyamwezi kwa Wakimbu, hawakuweza kujaza mazizi kama jirani zetu Wasukuma. Jirani alipopata mwaka mzuri alinunua ndama, na mwaka mbaya ulipofika aliuza dume. Sisi akiba ya namna hiyo ilitubidi tuiweke mahali ambapo ndorobo hafiki, nayo tuliiweka juu ya miti.

Miti yenyewe ilisaidia. Mtundu na miyombo hutoa maua mwishoni mwa kiangazi, kabla hata mvua haijanyesha, wakati mkulima hana kitu shambani. Muva huchanua baadaye, mvua zinapoelekea ukingoni. Kwa hiyo nyuki wetu wana misimu miwili ya chakula, na mrina asali ana misimu miwili ya mavuno: mmoja mvua zinapoanza, mwingine kiangazi kinapoingia. Mwaka ambao mtama au mahindi yamekauka, miti yenye mizizi mirefu mara nyingi bado huchanua. Nyuki walikuwa bima ya mkulima kabla neno bima halijafika kwetu.

Mzinga, kilindo na pombe

Kiswahili hutumia neno moja, mzinga, kwa nyumba ya nyuki na kwa silaha kubwa ya kufyatulia risasi, kwa kuwa vyote viwili vina umbo la bomba. Mzinga wa kwetu ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wa gogo: mti unapasuliwa kwa urefu, vipande vinachongwa ndani, kisha vinafungwa pamoja tena. Huu ulihitaji kazi nyingi lakini ulidumu miaka mingi. Wa pili ni wa gome. Gome la mtundu au myombo linabanduliwa zima kama mkono wa shati, linabanwa kwa vijiti, na ncha zake zinazibwa kwa kifuniko. Huu hutengenezwa kwa siku moja, lakini hauishi muda mrefu, na mti uliobanduliwa gome hufa umesimama. Zamani, watu wakiwa wachache na msitu ukiwa mkubwa, hasara hiyo haikuonekana. Leo inaonekana.

Mzinga ulipakwa nta kidogo ndani ili unukie, ukapandishwa mtini kwa kamba za magome na ndoana ya mti, ukaachwa. Nyuki walikuja wenyewe au hawakuja. Mrina asali mzoefu hakuwa na mizinga mitano. Alikuwa na makumi, akijua wazi kwamba mingine itabaki mitupu. Wakati wa kurina ulipofika, wanaume walifunga safari kwa kundi, wakapiga kambi msituni kwa wiki kadhaa, wakapanda miti usiku wakiwa na kienge cha moto. Aliyefunzwa vizuri hakukata masega yote. Aliacha yenye majana, yaani watoto wa nyuki, na sehemu ya chakula chao, ili kundi lisihame.

Hapa kuna jambo ambalo makala nzima inalitegemea. Mzinga ulikuwa wa mtu mmoja. Aliyeuchonga ndiye aliyeurina, na kuiba asali ya mwenzako lilikuwa kosa zito. Lakini vitu vilivyoufanya mzinga uwe na faida vilikuwa vya wote. Msitu ulikuwa chini ya mtemi kwa niaba ya watu wake. Njia ya kwenda kambini ilipitwa na kundi kwa kuhofia simba na wezi. Chakula cha kambini kilipikwa chungu kimoja. Hata ujuzi ulikuwa wa wote: kijana aliufuata kwa baba au mjomba, na ndege mlembe, aongozaye watu kwenye asali, hakuwa na mwenyewe.

Nyumbani kazi iliendelea kwa mikono ya wanawake. Asali ilihifadhiwa kwenye kilindo, kile chombo cha gome kinachofanana na pipa dogo, nayo ikikaa vizuri haiozi. Sehemu ililiwa, sehemu ikawa dawa ya kikohozi na vidonda, na sehemu kubwa ikawa pombe. Tusiione pombe hiyo kuwa anasa. Kulima shamba kubwa kwa jembe la mkono kulihitaji majirani wengi kwa siku moja, na majirani hao hawakulipwa fedha. Walilipwa chakula na pombe. Mwenye asali aliweza kuita watu wa kulima, aliyeita watu alipata mtama mwingi, na mwenye mtama aliweza kukaa kambini mwaka uliofuata bila watoto kulala njaa. Hivyo ndivyo kaya ya Sikonge ilivyojitegemea: nyuki walilisha shamba na shamba likalisha safari ya nyuki.

Nta na kodi

Katikati ya karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka pwani ilipita Tabora. Richard Burton na John Speke walifika huko mwaka 1857, na Burton aliandika kuhusu mizinga aliyoiona ikining'inia mitini. Wakati huo asali ndiyo iliyokuwa na thamani, na nta haikuwa bidhaa kubwa.

Mambo yaligeuka Wajerumani walipoingia. Mtemi Isike wa Unyanyembe alishindwa mwaka 1893, na mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba. Sasa kila kaya ilihitaji rupia, apende asipende. Watu wengi wa Unyamwezi walitembea hadi pwani na kwenye mashamba ya wazungu kuzitafuta. Wengine walizipata msituni, kwa kuwa Ulaya ilitaka nta kwa mishumaa, dawa za kung'arishia na kazi nyingine za viwandani. Nta haiozi, haimwagiki, na mzigo mmoja wa kichwani una thamani kubwa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, nta ikapata njia ya haraka kufika bandarini, na ikawa moja ya bidhaa ambazo nchi yetu ilijulikana nazo nje, chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza.

Huo ulikuwa msaada mkubwa, lakini ulikuja na udhaifu ambao hatujaumaliza hadi leo. Asali ya pombe na ya chungu bei yake tuliijua wenyewe. Bei ya nta ilipangwa mahali ambapo hakuna mrina asali aliyepaona. Mtu alitoka kambini na mzigo wake peke yake, akafika dukani peke yake, kodi ikimsubiri, akapokea alichopewa. Mzinga ulibaki kuwa wake, lakini kati ya mzinga na soko hapakuwa na kitu chochote cha wote.

Malale na mahame

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malale yalienea magharibi mwa Tanganyika. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliamua kuwahamisha watu waliotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili ndorobo wasipate kivuli. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini msitu uliobaki nyuma ukawa mtupu, na vijiji vya zamani vikawa mahame. Wazee wetu wengi wanaposimulia kambi zao za asali hutaja majina ya mahali ambapo leo hakuna nyumba hata moja.

Hatua hiyo ilibadilisha hesabu ya mrina asali. Mizinga iliyokuwa karibu na nyumba sasa ilikuwa safari ya siku kadhaa. Baiskeli zilipoingia zilipunguza makali, kwa kuwa mtu aliweza kufunga madebe mawili nyuma na kusukuma. Tangu siku hizo kazi ya asali kwetu imekuwa ya kuondoka na kurudi, na gharama yake kubwa imekuwa kubeba. Kutengeneza mzinga kuligharimu jasho tu. Kufikisha debe la asali Tabora kuligharimu miguu, matairi, chakula cha njiani na siku ambazo hukulima.

Siku za ushirika

Mwaka 1949 serikali ya Waingereza iliunda kitengo maalumu cha ufugaji nyuki, na Tabora ikawa kitovu chake. Francis G. Smith, aliyefanya kazi katika kitengo hicho, aliandika kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto kilichotoka mwaka 1960, na sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata katika miombo yetu. Maofisa walifundisha kutenganisha asali safi na yenye majana, kuchuja nta vizuri, na kutotumia moto mwingi.

Linganisheni na jirani yetu Urambo wa miaka hiyo hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakang'oa miti, na mwaka 1951 waliuacha baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Mrina asali wa Sikonge hakung'oa mti hata mmoja kwa trekta, na aliendelea kuuza nta kama kawaida.

Baada ya uhuru warina asali wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika, na asali na nta zilichakatwa katika kiwanda cha Kipalapala, nje kidogo ya mji. Wazee waliokuwa wanachama hawasimulii sana kuhusu aina ya mizinga. Wanasimulia mizani, stakabadhi, na lori. Mizinga ilikuwa ile ile ya gogo na gome waliyoachiwa na baba zao. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu aliweza kupima mzigo wake mbele ya macho yake, akapewa karatasi, na mzigo ukaenda Tabora bila yeye kuusukuma. Kwa mara ya kwanza tangu kodi ya mwaka 1897, kati ya mzinga na soko palikuwa na kitu cha wote.

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipozungumzia kujitegemea, kwetu neno hilo halikuwa geni. Hatukulielewa kuwa kila mtu peke yake na mzinga wake. Tulilielewa kwa mfano wa kambi: kila mtu anarina wake, lakini moto ni mmoja.

Ulipokatika mnyororo

Miaka ya 1970 ilileta mambo matatu kwa mfululizo. Kwanza, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwahamishia watu kando ya barabara, na kwa mara nyingine mizinga ikabaki mbali nyuma. Kulikuwa na faida: shule, zahanati na maji vilikuja karibu. Lakini mrina asali alianza safari yake tena kutoka mbali zaidi.

Pili, Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kila kijiji kuwa chombo cha ushirika, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini imani ya wanachama ilikuwa imeshapungua. Ununuzi wa asali ulirudi polepole kwa mtu mmoja mmoja mwenye gari na ndoo zake.

Tatu, tumbaku ilipanda. Tusiiseme vibaya kwa uongo: nyumba nyingi za bati za nyumbani kwetu, na karo za wengi tunaosoma kijitabu hiki, zimetoka kwenye tumbaku. Ilikuwa na kitu ambacho asali ilikuwa imekipoteza, yaani mahali pa kupimia, stakabadhi, na mnunuzi anayejulikana. Lakini inataka mbolea na dawa za mkopo, na mkopo unakatwa kabla mkulima hajashika fedha. Tena inataka kuni nyingi za kukaushia, na kuni hizo ni mtundu na muva wale wale wanaowalisha nyuki. Kila msimu tunachoma sehemu ya mtaji wa babu zetu ili kukausha jani, na katika hesabu za msimu mtaji huo hauandikwi popote.

Tulipo leo

Kisheria hatujaachwa mikono mitupu. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitoka mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002. Sheria hiyo inaruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki, zikiwemo za vijiji. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko pale pale Tabora. Mheshimiwa Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya mwaka 2008 na 2015, aliifanya kazi ya nyuki isionekane tena kuwa ya wazee wa msituni tu. Ipole kuna jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayoundwa na vijiji vyenyewe.

Wakati huo huo msitu wa kufuga nyuki umepungua. Mwaka 2019 Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla ilianzishwa mahali palipokuwa pori la akiba. Zamani wenyeji waliruhusiwa kuingia porini kwa kibali wakati wa kiangazi, kuvua na kurina. Katika hifadhi ya taifa mizinga hairuhusiwi. Kila mmoja wetu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu uamuzi huo, ila matokeo yake ni kwamba msitu wa vijiji vyetu, ambao bado uko mikononi mwetu, umekuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote.

Mizinga ya kisasa, ile ya masanduku yenye vibao juu, imeshaletwa na miradi mingi. Ina faida za kweli. Haiui mti, inawekwa chini karibu na nyumba, na imewafungulia mlango wanawake ambao zamani hawakupanda miti usiku. Vikundi vya akina mama vinavyorina asali yao wenyewe ni jambo ambalo bibi zetu wangelishangilia. Lakini tuseme ukweli: mizinga mingi iliyogawiwa bure imekaa mitupu, au imekuwa stoo ya kuku. Mtu anayejua kwamba mwisho wa safari atauza kwa bei ya kubembeleza haoni sababu ya kuuhudumia mzinga, uwe wa sanduku au wa gogo.

Hesabu ya ndoo moja

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo wasomaji watanisamehe nikitoa daftari. Nyumbani asali huuzwa kwa ndoo ya lita 20. Wengi wetu huichukulia ndoo hiyo kuwa kilo 20, kama maji. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali iliyochujwa ina karibu kilo 28.

Mnunuzi analijua hilo. Ananunua kwa ndoo na kuuza kwa kilo. Anayedhani ndoo yake ni kilo 20 ametoa kilo 8 katika 28 bila kuandikiwa chochote, yaani zaidi ya robo ya mali yake. Mwenye ndoo 10 amepoteza kilo 80. Hakuna aliyemwibia, hakuwa na mizani.

Upande wa pili wa daftari uko nta. Kwa makadirio yanayotumika, mizinga ya asili hutoa kilo 1 ya nta kwa kila kilo 10 hadi 15 za asali. Ndoo 10, ambazo ni kilo 280, zingeweza kuambatana na nta kati ya karibu kilo 19 na 28. Nta ile ile iliyolipa kodi ya Wajerumani leo mara nyingi hutupwa pamoja na makapi ya pombe, kwa sababu hakuna sufuria ya kuiyeyushia wala mtu wa kuikusanya ifike mzigo.

Upande wa tatu ni ubora. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huanza kuchacha, na kiwango cha kimataifa kinaishia hapo. Asali iliyorinwa kabla nyuki hawajaziba masega, iliyonusa moshi mwingi, au iliyowekwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta, hupoteza bei yote hata kama ilitoka kwenye mzinga bora kuliko yote. Kifaa cha kupimia maji ya asali kinatosha mfukoni, lakini si kila mrina asali anaweza kununua cha kwake. Kimoja kinatosha kata nzima, mradi kiwe na mahali pa kukaa.

Jibu la swali la mkutano

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Tangu enzi za watemi hadi leo, hakuna wakati ambapo watu wa Sikonge walishindwa kutengeneza mzinga. Walichonga gogo, walibandua gome, na leo mafundi seremala wetu wanatengeneza masanduku. Kilichokatika kila mara kilikuwa katikati: mwaka 1897 hapakuwa na kitu kati ya kambi na duka la nta, mwaka 1976 kile kilichokuwapo kilivunjwa, na leo kati ya mama mwenye ndoo na gari la mnunuzi hakuna hata mizani. Asali ilipotusimamisha, siku za watemi na siku za ushirika, mzinga ulikuwa wa mmoja na njia ilikuwa ya wote.

Ndiyo maana naunga mkono nyumba ya asali. Haimzuii mtu kununua mzinga. Inampa sababu ya kuununua. Ila historia hiyo hiyo inatupa masharti matatu ambayo naomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za chama kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Kwanza, kila anayeleta asali apimiwe kwa kilo, mbele yake, na apewe stakabadhi siku hiyo hiyo. Ushirika ulikufa mioyoni mwa wanachama kabla haujafa kwenye karatasi, na ulianzia kufa pale mtu alipoacha kuamini daftari.

Pili, nyumba isiwe yetu sisi wa mjini. Sisi tuchangie kuijenga, kisha iwe mali ya warina asali wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakiwa na katiba yao na mkaguzi wa nje wa hesabu. Kitu cha wote kikisimamiwa kutoka mbali, siku moja atatokea mtu wa mbali wa kukivunja.

Tatu, kila kijiji kitakacholeta asali kwenye nyumba hiyo kikamilishe mipango ya kutenga eneo la hifadhi ya nyuki chini ya sheria ya mwaka 2002. Mizani haina kazi kama muva wote wamekwisha kuwa kuni. Wakulima wa tumbaku ni ndugu zetu. Wapande miti ya kukaushia, na msitu wa maua uachwe.

Bajeti kamili ya ujenzi mweka hazina ameichapisha katika kurasa za katikati za kijitabu hiki. Isomeni mstari kwa mstari, mwulize, mmbane, ndiyo kazi yake. Kisha kila mmoja ajaze fomu iliyoambatanishwa kwa kadiri alivyojaliwa. Asiye na fedha anaweza kutoa siku za ufundi, usafiri wa saruji, au kumfundisha kijana mmoja wa kwao kuandika stakabadhi.

Wazee walioko nyumbani ambao bado wanakumbuka majina ya kambi za mahame, tunawaomba wakae na wajukuu na kuyaandika, pamoja na miti iliyokuwa ikichanua kila mahali na mwezi wake. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyesha kila kijiji mahali pa kuweka mpaka wa hifadhi yake, na kamati itaipokea wakati wa harambee.